Mbu asiyetoa mstari kwenye jeli asitupwe

Mhariri,

Katika kila shehena ya mbu inayofika maabara kutoka vijijini, huwa wamo wachache ambao kipimo cha kawaida cha PCR, yaani cha kunakili kipande cha DNA ili kijulikane kwa urefu wake, hakiwatambui. Wenzao hutoa mstari kwenye jeli ambamo vipande hivyo hupimwa, wao hawatoi kitu. Daftarini huandikwa "hakuna jibu", kichupa kikaenda jaani. Tunaomba zoea hili likome.

Kipimo hicho, kinachotumika tangu 1993, kilitengenezwa kwa ajili ya ukoo mmoja tu wa mbu wa malaria, wa Anopheles gambiae. Gambiae mwenyewe hutoa kipande cha DNA chenye urefu wa herufi 390, arabiensis 315, na merus, yule wa maji ya chumvichumvi ya Pwani, kama 466. Mbu wa ukoo mwingine hana mahali pa kushikwa na praima zake, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili. Kwa hiyo jeli tupu ina maana mbili: ama DNA imeoza au ina uchafu, ama aliyemo kichupani ni mgeni kwa ukoo huo. Ukimtupa, hutajua ni lipi.

Na wageni wapo. Anopheles stephensi, mbu wa malaria kutoka Asia anayezaliana kwenye matangi na mapipa ya maji mijini, alionekana Djibouti 2012, Ethiopia 2016, na Marsabit mwishoni mwa 2022. Mkaguzi mwenye haraka humhesabu kuwa gambiae. Kosa hilo ni zito, kwani stephensi anaweza kuzaliana hata kiangazi, na viluwiluwi wake hudhibitiwa kwa kufunika na kusugua matangi, kazi ambayo chandarua hakiifanyi. Nyanda za juu za Kisii nazo, katika utafiti uliochapishwa 2012, walipatikana mbu wenye vimelea vya malaria ambao DNA yao haikulingana na spishi yoyote iliyokuwa kwenye kumbukumbu. Wengi walinaswa nje ya nyumba, mapema usiku.

Dawa ya jeli tupu ni msimbopau wa DNA: kusoma kipande cha herufi 658 cha jeni ya COI, iliyomo kwenye DNA ya mitokondria, kinachotofautiana kati ya spishi na spishi. Praima zake, LCO1490 na HCO2198, hushika wadudu wengi wa kila ukoo. COI ikitoka, DNA ni nzima na huenda mbu ni mgeni. Isipotoka, zimua DNA mara kumi kwa maji safi ujaribu tena, maana mara nyingi ni uchafu wa damu unaozuia kimeng'enya kinachonakili DNA. Kichupa cha maji matupu, kinachopimwa pamoja na vingine ili kuhakikisha usafi, kikitoa mstari, tupa mzunguko wote. Hapo umechafua, na utasoma DNA ya mbu wa jana.

Lakini kazi nyingi huharibikia kijijini, kabla maabara haijagusa kitu. Ng'oa mguu mmoja au miwili kwa kibano, uiweke kwenye kichupa chake, na mwili ubaki mzima wenye namba ileile. DNA ikishangaza, lazima mtu arudi kutazama mabawa na vipapasio. Usitumie tumbo lililojaa damu, utaleta DNA ya mtu au ya ng'ombe. Chembe nne za silika, inayofyonza unyevu, zikae chini, pamba juu yake, mbu juu ya pamba. Bila pamba, chembe humpondaponda njiani akafika unga. Silika ya buluu ikigeuka waridi, ibadilishe siku hiyohiyo. Anayetumia ethanoli atumie ya asilimia 95 au 96, na kamwe asitumie formalini, inayoikatakata DNA. Lebo iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka ndani ya ethanoli, nawe unabaki na mbu asiye na kijiji wala tarehe.

Herufi zisomwe pande zote mbili, ncha zenye ukungu zikatwe, kisha zilinganishwe na GenBank na BOLD, hazina za mtandaoni za rekodi za DNA. Mfanano wa asilimia 98 kwenda juu ni dalili nzuri, ila usiliamini jina la kwanza linalojitokeza. Zimo rekodi zilizoingizwa kwa jina la spishi nyingine. Tazama kumi za juu, na jina likileta wasiwasi, pima pia ITS2, kipande kingine cha DNA.

Wala hatusemi msimbopau uchukue nafasi ya kipimo cha zamani. COI haiwezi kumtenga gambiae na arabiensis, kwa kuwa wawili hao wamepandana na kuachiana DNA ya mitokondria. Anza na PCR ya kawaida, wanaobaki bila jibu ndio wasomwe COI.

Tunaziomba idara za afya za kaunti zitenge fungu dogo kwa ajili ya mbu hao, na kila taarifa ya robo mwaka iandike idadi yao na kijiji walikotoka. Vichupa vyao vihifadhiwe.

Wataalamu wa wadudu waenezao magonjwa,
Pwani, Kenya