Goma ilianguka, au ilitekwa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie namna magazeti yetu ya Kiswahili, lako likiwamo, yanavyoandika habari za vita vya mashariki mwa Kongo, kati ya jeshi la serikali na kundi la M23. Ninauza dagaa kwa jumla hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, na sehemu kubwa ya mzigo wangu hununuliwa na wafanyabiashara wanaoupeleka miji ya huko, Goma na Bukavu, kupitia Rusumo, mpakani na Rwanda. Habari hizo nazisoma kama mkulima wa pamba anavyosoma bei ya msimu, kwa sababu kuna uamuzi wa kufanya nikishamaliza kusoma.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 27 Januari 2025, mteja wangu mmoja, mama wa Goma aliyekuwa amefika siku nne kabla, alikuwa ameketi juu ya magunia yake akiwa na simu sikioni. Magunia yalikuwa yamekwisha kushonwa midomo yakisubiri lori. Redio ya jirani yangu ilikuwa ikisema kwamba Goma imeanguka. Kijana mmoja mpakiaji alikuwa na taarifa kwenye simu yake kwamba mji umekombolewa. Mwingine, aliyekuwa akifuatilia matangazo ya Kinshasa, alishikilia kwamba hizo ni propaganda za mvamizi na kwamba jeshi la serikali bado linapigana. Mama yule alipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mdogo wake, akausikiliza mara mbili, kisha akatusikilizisha na sisi. Mdogo wake alisema maneno matatu: "Wameingia. Tuko ndani."

Nimelifikiria sana neno lile "wameingia". Mtu aliyekuwa amejifungia nyumbani na watoto wake, risasi zikipita juu ya bati, alichagua neno linaloeleza alichokiona na si zaidi. Sisi tulio mbali ndio tuliokuwa na maneno makubwa.

Kesho yake nilinunua magazeti matatu. Neno lililotawala vichwa vya habari lilikuwa lile la redioni, na ukisoma ndani uliona wazi kwamba habari zenyewe zimetafsiriwa kutoka mashirika ya nje, kwa kuwa ndivyo wenzetu wa Ulaya wanavyosema mji unapochukuliwa na adui. Kwa Kiswahili embe huanguka likiiva, na ukuta huanguka ukilowana. Mji wenye watu zaidi ya milioni moja hauanguki wenyewe. Kuna aliyeuteka, kuna aliyempa silaha, na kuna aliyepaswa kuulinda akaondoka, na lugha yetu ina kitenzi cha kumtaja kila mmoja wao. Tukiandika "umeanguka" tumewasamehe wote watatu kwa neno moja.

Hali ni hiyo hiyo kwa waliokufa. Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba kati ya tarehe 26 na 30 Januari watu wasiopungua 700 waliuawa na 2,800 walijeruhiwa, na siku chache baadaye ukataja miili ipatayo 2,900, mingi ikiwa imekwisha kuzikwa na mingine ikiwa bado katika vyumba vya kuhifadhia maiti. Tarehe 24 Februari Waziri Mkuu wa Kongo, Judith Suminwa Tuluka, alisema akiwa Geneva kwamba waliouawa Goma pekee ni zaidi ya 3,000, na tangu Januari ni zaidi ya 7,000. Aliyesoma taarifa ya kwanza tu anabishana hadi leo na aliyesoma ya tatu, kila mmoja akimwona mwenzake mwongo, ilhali gazeti lingeweza kuwaambia nani alihesabu, siku gani, na alihesabu eneo gani. Tena katika habari nyingi nilizosoma watu hao "walipoteza maisha". Hayo ndiyo maneno tunayoyatumia basi linapopinduka Misungwi au mtumbwi unapozama ziwani. Aliyepigwa risasi ameuawa, na hata kama muuaji hajulikani bado, kitenzi kinapaswa kuacha nafasi yake wazi ili msomaji ajue kwamba yupo.

Jambo linaloniuma zaidi liko katika majina. Wanamgambo wanaopigana upande wa serikali ya Kinshasa wanajulikana kama Wazalendo. Gazeti la Kifaransa au la Kiingereza likiandika jina hilo, msomaji wake analisikia kama jina tu. Mimi na wewe, Ndugu Mhariri, tulifundishwa neno hilo darasani tukiwa wadogo, tukaambiwa kwamba mzalendo ni mtu anayeitanguliza nchi yake kabla ya tumbo lake. Kwa hiyo gazeti la Kiswahili likiandika kwamba Wazalendo wamewashambulia waasi, hukumu imekwisha kutolewa ndani ya sentensi moja, wema wakiwa huku na wabaya kule, na huenda mwandishi hakukusudia. Miongoni mwao wapo vijana wanaolinda vijiji vyao kwa kweli, na wapo pia ambao taarifa za Umoja wa Mataifa zimewataja kwa kuua, kubaka na kunyang'anya raia. Kuandika "wanamgambo wanaojiita Wazalendo" kungetosha kabisa. Upande wa pili nao una majina yake. M23 wamejitwalia jina la tarehe ya makubaliano ya 23 Machi 2009, ambayo wanasema serikali iliyavunja, na Kinshasa inawaita magaidi. Ninaona neno "waasi" linawafaa, kwa kuwa wameshika silaha dhidi ya serikali ya nchi yao, lakini ningependa gazeti lieleze walau mara moja kwa nini limelichagua.

Msomaji anaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya Wakongo na Wanyarwanda. Jeshi letu la Wananchi lilitangaza kwamba askari wetu wawili walifariki katika mashambulizi ya siku zile za mwisho wa Januari, na wengine wanne wakajeruhiwa. Hapa nyumbani tuliwaandika kuwa walinda amani waliokuwa katika kikosi cha SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika. Siku hizo hizo Rais Paul Kagame wa Rwanda aliandika hadharani kwamba kikosi hicho si cha kulinda amani bali ni upande unaopigana vitani. Ninaamini vijana wetu walikwenda kwa nia njema, na ninawaombea. Hata hivyo, msomaji wa Mwanza alistahili kuelezwa kwamba kikosi hicho kilitumwa na SADC mwishoni mwa mwaka 2023 kwenda kusaidia jeshi la Kongo dhidi ya vikundi vyenye silaha, kwa sababu bila kujua hivyo hawezi kuelewa kwa nini jirani yetu anakiita hivyo, na ataishia kukasirika tu.

Sisi wa kandokando ya ziwa hili tungepaswa kuwa wepesi wa kulielewa jambo hili. Nilikuwa darasa la tatu wakati wa Vita vya Kagera. Redio yetu ilimwita Idi Amin nduli, na redio yake ilikuwa imetangaza kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza kuivamia Uganda. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya ilikuja kuipiga Mwanza, ikakosa shabaha, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Nakumbuka wakubwa wakiizungumza habari hiyo kwa wiki nzima. Majeshi yetu yalipoingia Kampala tarehe 11 Aprili, sisi tulisema tumeikomboa Uganda, na Waganda wengi walisema hivyo pia. Lakini Julai ya mwaka huo, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitulaumu kwa kuingia nchi ya jirani na kuiangusha serikali yake. Bado ninaamini kwamba tulikuwa na haki. Ninachokumbusha ni kwamba kwa wengine sisi tuliitwa wavamizi, na mtoto wa Khartoum wa umri wangu huenda alikua akilijua neno hilo peke yake.

Sisemi kwamba kila upande una ukweli wake na basi. Azimio namba 2773 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la tarehe 21 Februari 2025, liliitaka Rwanda iache kuwasaidia M23 na iondoe majeshi yake katika ardhi ya Kongo. Baada ya hapo, gazeti linaloendelea kuandika "inadaiwa" pasipo kulitaja azimio hilo linamnyima msomaji jambo lenye uzito. Azimio hilo hilo liliitaka pia Kongo iache kuwasaidia FDLR, kundi ambalo chimbuko lake ni waliokimbia Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Ukifuatilia habari za Kinshasa utasikia nusu ya kwanza, na ukifuatilia za Kigali utasikia nusu ya pili. Tena Wakongo hawapo huru kuchagua wanachosikia: Januari ile serikali ilisitisha vibali vya waandishi wa Al Jazeera baada ya kituo hicho kumhoji kiongozi wa M23, na waziri wa sheria alitishia adhabu ya kifo kwa watakaosambaza habari za shughuli za waasi na za jeshi la Rwanda. Sisi huku tunaweza kuchapa nusu zote mbili katika ukurasa mmoja, na sioni kinachotuzuia.

Ombi langu ni dogo. Habari ikitoka kwa shirika la nje, andikeni jina la shirika hilo mwanzoni badala ya kulificha mwishoni kwa herufi ndogo, na neno lenye hukumu likiwa la mmoja wa wapiganaji, liwekwe kinywani mwake. Pia msitegemee tafsiri peke yake. Kwa mstari ulionyooka Goma iko karibu zaidi na Mwanza kuliko Dar es Salaam, lakini habari zake zinazunguka London na Paris ndipo zitufikie. Kila wiki hapa Mwaloni wapo watu waliotoka huko siku tatu au nne zilizopita, wengine wana wateja Kigali na wengine wana ndugu Bukavu, na wote wanazungumza Kiswahili. Mama yule alisubiri siku kumi na moja kabla ya kuyapakia magunia yake, na mwezi uliopita alikuwa hapa tena. Mwandishi wako akija asubuhi, kabla malori hayajaanza kupakia, nitamtafutia kiti.

Wako,
Mfanyabiashara wa dagaa,
Kirumba, Mwanza