Umeme upo sebuleni, jikoni haupo: angalia nini kabla ya kutupigia

Masika yakishaanza hapa Tanga, simu za wateja wetu huja na kauli moja: "Fundi, umeme upo nusu." Nasi swali letu ni lile lile: nusu ipi? Wengi hawana jibu, maana wazo la kwanza lilikuwa kukimbilia kununua umeme wa LUKU. Uniti zikiisha, nyumba nzima inazimika. LUKU haichagui chumba. Kama taa zinawaka na friji imenyamaza, hela yako itunze.

Fungua kisanduku cha breka. Breka iliyojikata mara nyingi haishuki mpaka chini, husimama katikati, na ukiitazama juu juu utaapa kwamba ipo sawa. Ishushe kabisa, ndipo uipandishe. Ikikata tena papo hapo, iache. Kuna watu huishikilia kwa kidole, na wengine huifunga kwa selotepu. Hao tunawaomba wasifanye hivyo, breka inakata kwa sababu kuna kitu.

Ikiwa taa zote zipo na soketi zote zimekufa, tazama breka ile pana yenye kitufe cha majaribio kilichoandikwa T. Hiyo inavizia umeme unaovuja, na nyingi za majumbani hukata uvujaji ukifika miliampea 30. Chomoa kila kitu: friji, pasi, birika, chaja, hata ile pampu ya kisimani iliyosahaulika uani. Irudishe, kisha chomeka kimoja kimoja. Kile kitakachoikata ndicho mgonjwa. Ikikata hali hakuna kilichochomekwa, huenda maji yameingia ukutani au kwenye soketi ya nje, na hapo ni kazi ya fundi.

Kwa nyumba za Raskazone, Sahare na kwingineko karibu na bahari, mara nyingi breka zote zipo juu na bado chumba kimoja ni giza. Hapo tunashuku viungo. Hewa ya chumvi hula skrubu na ncha za waya; shaba inaota ukijani, kiungo kinalegea, kinapata moto, plastiki inaanza kunuka. Testa ya bisibisi hudanganya sana hapa: inawaka vizuri kwenye soketi, taa haiwaki, na mwenye nyumba anashangaa. Fezi, waya unaoleta umeme, imefika; nyutro, waya unaourudisha, imekatika njiani. Soketi hiyo bado inaweza kuua, kwa hiyo usiifungue kwa sababu tu "haina umeme". Sisi tunapima kwa mita ya kupimia volti, fezi na nyutro pamoja, tukitarajia volti karibu na 230.

Kuna hali moja isiyosubiri fundi. Taa za chumba kimoja zinang'aa kupita kiasi, za kingine zimefifia, feni inabadilisha mwendo yenyewe. Zima meinswichi, swichi kuu ya nyumba, sasa hivi. Nyutro kuu imelegea au imekatika, nyumbani au nguzoni, na kwenye laini ya fezi tatu volti zinaweza kupanda kuelekea 400. Televisheni na friji huungua kwa dakika chache. Waulize majirani, kama nao wanalalamika, tatizo ni la TANESCO, wapigieni wao. Laini mpaka kwenye mita ya LUKU ni yao, na lakiri ya mita hatuigusi hata mteja akituomba.

Wenye mashine ya kusaga au pampu ya fezi tatu: ikivuma bila kuzunguka, mara nyingi fezi moja imepotea. Zima, isije mota ikaungua.

Unapotupigia, tuambie vyumba gani vimezimika, breka ipi imeshuka, kama kuna harufu ya kuungua, na kama mvua ilinyesha. Picha ya kisanduku kwa WhatsApp inatusaidia kuja na vifaa sahihi, usilipe nauli ya fundi mara mbili.