Barua kwa mwanangu: mluzi wa rafiki wa baba yako

Bwiru, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Dar es Salaam, wewe na wenzako mnaoandaa filamu yenu. Sisi huku hatujambo. Dada yako alinifungulia ile filamu uliyotutumia, nami nimeitazama mara mbili: mara ya kwanza pamoja naye, mara ya pili peke yangu, usiku, watu wote walipokwisha kulala. Uliniomba nikueleze ninavyouona muziki wake, kwa kuwa hadithi yako pia ni ya wanaume wawili marafiki na hujajua uitie muziki gani. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini jambo hili limenigusa mahali ambapo sijawahi kukuonyesha, na kwenye simu ningelikatisha njiani.

Filamu yenyewe, Old Joy ya Kelly Reichardt, iliyotoka mwaka 2006, haifiki dakika 80, na mtu akikuuliza kinatokea nini ndani yake utapata shida kumjibu. Mark, ambaye mkewe ni mjamzito, anapigiwa simu na Kurt, rafiki yake wa zamani asiye na makazi ya kueleweka. Wanaingia kwenye gari pamoja na mbwa, wanaelekea kwenye misitu ya Oregon, huko Marekani, kutafuta chemchemi ya maji moto, wanapotea njia, wanalala mahali palipotupwa kochi bovu, kesho yake wanaipata chemchemi, wanaoga, wanarudi mjini. Hakuna anayepigana wala anayekufa. Dada yako alisubiri kisa kianze mpaka majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Mimi nilikwisha kukitambua kisa tangu pale kwenye moto wa usiku, Kurt anapomwambia mwenzake kwamba anamkosa, kwamba kuna kitu kimeingia kati yao naye hakitaki, kisha papo hapo anaomba radhi na kusema huo ni wazimu wake tu. Mark anamhakikishia kwamba mambo yako sawa. Hayako sawa, wote wawili wanajua, na kuanzia hapo hakuna hata mmoja anayelirudia jambo hilo kwa kinywa.

Muziki ni wa Yo La Tengo, bendi ya watu watatu kutoka Hoboken, katika jimbo la New Jersey. Nilipata taabu kidogo kuelewa kwa nini kazi hiyo ilipewa wao, ilhali Will Oldham, aliyeigiza kama Kurt, ni mwanamuziki mwenye jina lake. Sasa naona uamuzi ulikuwa mzuri, kwa sababu muziki ungetoka kwa mmoja wa wale wawili ungekuwa umeegemea upande wake. Huu hauegemei popote. Gitaa linaguswa polepole, sauti moja inaachwa iende zake kabla ya nyingine kuifuata, na hakuna maneno ya kukuelekeza. Mara ya pili niliangalia hasa mahali ulipowekwa. Vipande vyake vimepewa majina ya safari: kuondoka nyumbani, kupotea, njia ya kwenda kwenye chemchemi, kurudi nyumbani kwa gari. Gitaa limepewa zile nyakati ambazo watu wawili wamekaa bega kwa bega wakitazama mbele, miti ikipita dirishani, na hakuna anayelazimika kusema neno. Wanapofika majini, kwenye yale magogo yaliyochongwa yakawa kama mitumbwi yetu, unaachiwa sauti za maji yanayotiririka na za ndege.

Pale Kurt anapomkanda Mark mabega, mwili wa Mark unakakamaa, halafu unalegea, na mkono wenye pete ya ndoa unateleza na kuzama majini. Filamu zetu nyingi zingeleta kinanda hapo. Unajua ninachokisema: kinanda kinachoanza kulia kabla mwigizaji hajalia, mpaka mtazamaji anaambiwa asikitike kabla hajaona cha kumsikitisha. Nakusihi usifanye hivyo. Na ufikirie pia kwamba mguso huo utasomeka tofauti huku kwetu. Wanaume wa hapa wakisalimiana barabarani wanaweza kushikana mikono mpaka habari za nyumbani, za mvua na za ng'ombe zote ziishe, na hakuna mpita njia anayegeuka kuwatazama. Kwa wale wa Oregon, mkono begani ndio mlima. Kwa wetu mlima ni neno. Mwanamume wa huku atakuuguza, atakukopesha wavu, atakuchimbia kaburi, lakini kukuambia kwamba anakukosa hawezi. Hapo ndipo muziki wako una kazi ya kufanya.

Lakini mtu niliyemtazama zaidi ni Tanya, mke wa Mark, ambaye tunamwona kwa dakika chache tu mwanzoni. Mumewe anamuuliza kama aende au asiende, naye anachukizwa na namna anavyoulizwa, kana kwamba yeye ndiye mlinzi wa lango. Nilimfahamu mwanamke huyo mara moja.

Baba yako, kama unavyojua, alikuwa fundi wa injini za boti pale Mwaloni, Kirumba. Rafiki yake alikuwa mvuvi wa dagaa. Siku za giza wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao, na ukisimama kwenye mawe haya ya Bwiru unadhani kuna mji mwingine umewashwa majini. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, kwa kuwa taa haiwavuti dagaa kwenye mwanga wa mbalamwezi. Basi rafiki yake alikuja nyakati hizo za mbalamwezi. Hakupiga hodi. Alisimama chini ya mawe akapiga mluzi wa sauti tatu, ya mwisho ikishuka, na baba yako angeacha hata chakula. Walikaa juu ya jiwe mpaka usiku wa manane, na mara nyingi nilipotega sikio sikusikia mazungumzo yoyote, jambo lililoniudhi zaidi kuliko kama wangekuwa wakipiga kelele.

Nilikuwa na mimba yako ya miezi saba, nimevimba miguu, nimechoka, mluzi ulipopigwa usiku mmoja nami nikasema kwa sauti ambayo nilitaka ifike chini: mtu mwenye mke na mtoto tumboni haitwi kwa mluzi kama mbwa. Ilifika. Mwezi uliofuata alikuja akapiga hodi, akakaa kwenye kiti, akanywa chai, akaniuliza hali, akaondoka mapema. Akaja hivyo mara tatu au nne. Kisha akahamia Sengerema, na baba yako hakunilaumu hata siku moja. Alianza tu kuifungulia redio sauti kubwa wakati wa taarifa ya habari. Katika filamu hii Mark anaendesha gari akisikiliza mabishano ya siasa redioni, mwanzoni na tena mwishoni anaporudi peke yake, na mimi nilipousikia ule mlio mara ya pili nililazimika kuizima filamu kwa muda.

Kuna maneno ambayo Kurt anasimulia kuwa aliambiwa ndotoni, na humo ndimo filamu ilimopata jina lake: kwamba huzuni ni furaha iliyochakaa tu. Baba yako alipofariki, rafiki yake alikuja, akakaa chini ya turubai siku zote tatu, akabeba, akafukia. Nilimpa mkono wa shukrani kama nilivyowapa wengine. Sikumwambia lingine.

Baada ya kuitazama mara ya pili ile filamu uliyotutumia nilimpigia simu, na Jumamosi iliyopita nikaenda Sengerema. Zamani pale Kigongo tulikuwa tukingoja kivuko saa nzima na zaidi, na baba yako alipenda sana kungoja huko pamoja na mwenzake. Sasa daraja la Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina kilomita 3 na gari huvuka kwa dakika chache, nikafika kabla sijapanga vizuri la kusema. Nikalisema vibaya, lakini nikalisema lote. Alinyamaza muda mrefu. Halafu nikamwomba anipigie ule mluzi. Meno mawili ya mbele hayapo tena, kwa hiyo sauti mbili za kwanza zilitoka pumzi tupu. Ya tatu, ile inayoshuka, ilitoka kama ilivyokuwa.

Huo ndio muziki ninaokupendekezea. Usiupeleke studio ukasafishwe. Uurekodi huko huko ulipo, pamoja na pumzi zake, na furukombe akilia ulie naye, na injini ya mtumbwi ikipita ipite. Ukihitaji gitaa, mtafute mpigaji anayeweza kuziacha zile sauti mbili za kwanza zikosekane, naye aingie pale wanapokuwa njiani tu. Na yule mke wa mhusika wako, ambaye katika andiko ulilonitumia hana hata sentensi moja, mpe dirisha, ausikie mluzi.

Nimemweleza mzee kazi yako, naye amekubali. Anasema uje siku za mbalamwezi, chai itakuwepo, ila ukifika usipige hodi.

Ni mimi mama yako.