Fundi wa gesi awe na kadi bana

Mhariri shkamoo, naomba kanafasi kidogo. Mwezi wa saba, na baridi hii ya Uyole tunafunga madirisha yote, nilimuita fundi aje abadilishe regyuleta na mpira wa mtungi maana harufu ilikua inasikika jikoni, basi kamaliza kufunga akatoa kiberiti kabisa anataka kuwasha aone kama inavuja! Nilimshika mkono jamani, watoto walikua wamekaa hapo hapo. Nikachukua povu la sabuni nikapaka kwenye klempu inayobana mpira, mapovu yakaanza kuchemka, kumbe inavuja. Hii gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini sakafuni inakusubiri.

Uingereza huruhusiwi kisheria kufanya kazi ya gesi kwenye nyumba za watu kama haupo kwenye daftari lao linaitwa Gas Safe Register, lilianza 2009, na fundi anatembea na kadi yenye picha na namba, nyuma imeandikwa kazi zipi anaruhusiwa, jiko au boila ya kupasha maji, na mtihani anaurudia kila miaka 5.

Sasa serikali yetu inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tupikie nishati safi, vizuri sana, ila nani atatufungia hizo gesi? Naomba EWURA wanaosimamia nishati na VETA wanaofundisha ufundi wakae pamoja, vijana wetu wa Mbeya wasome, wafanye mtihani, wapewe kadi, mi mteja nimwambie fundi nionyeshe kwanza kadi ndo uguse mtungi wangu.

Mama wa watoto wanne, Uyole, Mbeya