Tovuti ya fundi iuze kitu kimoja, na iwe mali yake

Mhariri,

Wafanyabiashara wadogo wa Nairobi wanahimizwa kila uchao wawe na tovuti. Wanaowahimiza hawasemi tovuti ya namna gani, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mwenye karakana Kariobangi Light Industries au kibanda cha ngozi Kariokor huuziwa kurasa tano: ya mwanzo yenye picha ya watu wa suti wanaopeana mikono, ya "Sisi ni nani", ya "Huduma zetu", ya picha na ya anwani. Hakuna hata moja inayojibu swali analouliza mteja. Mwaka ukiisha ada hailipwi, tovuti inazimika, na mwenyewe hagundui kwa kuwa haikuwahi kumletea simu hata moja.

Kinachomfaa ni tovuti finyu, ya bidhaa moja au kazi moja, iliyoandikwa kwa undani hata anayetafuta kitu hicho akifika hapo hana haja ya kwenda kwingine. Naomba nafasi nieleze inavyojengwa, na inapoharibikia.

Tuchukue fundi anayeunda mashine za kutotolesha vifaranga, zile wafugaji wanaziita inkubeta. Akijitangaza kuwa anafanya kazi zote za chuma na kuchomelea, anashindana na kila mchomeleaji wa jiji hili. Akijitangaza kwa inkubeta peke yake, washindani ni wachache, na anayemtafuta ameshaamua kununua; amebaki kuchagua ni kwa nani. Kazi ya kwanza ya fundi huyu haihitaji kompyuta. Inahitaji daftari. Kwa wiki mbili aandike kila swali linaloingia kwa simu na kwa WhatsApp, kwa maneno yale yale ya muulizaji, bila kuyasafisha. Ataona yanajirudia. Ya mayai 64 ni pesa ngapi, na ya 528? Inakula umeme kiasi gani? Stima ikipotea usiku mayai yataharibika? Mbona vifaranga wanafia ndani ya yai siku ya mwisho? Inaweza mayai ya kware? Mnatuma hadi Kitale? Kila swali lililoulizwa zaidi ya mara mbili ni ukurasa wake.

Kurasa 8 hadi 12 zinatosha kuanzia. Wajenzi wengi wa tovuti huweka nguvu zote kwenye ukurasa wa bei, lakini ule wa vifaranga kufia ndani ya yai ndio unaoweza kuleta wageni wengi zaidi, maana mfugaji aliyepata hasara hatulii mpaka apate sababu. Uandikwe jinsi fundi anavyomweleza mteja aliyesimama mbele yake: mayai ya kuku huchukua siku 21, ya kware 17 au 18, ya bata mzinga 28, katika mashine yenye feni joto liwe nyuzi 37.5 hivi, mayai ya kuku yageuzwe mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18, kisha yaachwe yatulie na unyevu upandishwe hadi asilimia 65 au zaidi. Hewa ikiwa kavu siku hizo za mwisho, utando wa ndani ya yai hukauka na kumnata kifaranga asiweze kutoka. Ndiyo sababu mlango wa mashine usifunguliwe kila saa kuchungulia. Maduka makubwa ya mtandaoni huweka picha na bei, hayana muda wa kueleza hivi. Pengo hilo ndilo riziki ya mwenye tovuti finyu.

Bei iandikwe. Kumwambia mteja apige simu ndipo aambiwe bei ni kumfukuza, kwa sababu anadhani utampima kwa sauti yake kabla ya kutaja kiasi. Kama bei ya mabati na nyaya inapanda na kushuka, iandikwe pamoja na mwezi wake, na ibadilishwe mwezi ukibadilika. Ukurasa wenye bei ya miaka miwili iliyopita huleta ugomvi dukani.

Kila ukurasa una kichwa kinachoonekana katika matokeo ya utafutaji. Kisizidi herufi 60 hivi, maana kikizidi hukatwa, na kitaje kitu kwanza, mahali baadaye: "Inkubeta ya mayai 264: bei na umeme, Nairobi". Kichwa kinachosema "Karibu" hakimwambii mtu chochote. Na mjenzi akikutoza pesa za kujaza orodha ya maneno muhimu iliyofichwa ndani ya ukurasa, ujue Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii orodha hiyo kupanga matokeo. Kuhusu lugha, wateja wetu huchanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng, basi daftari liamue. Maoni yangu ni kwamba ukurasa mmoja ubaki na lugha moja.

Sasa jambo linaloniuma zaidi, nalo ni umiliki. Majina yote ya tovuti yanayoishia .ke yanasimamiwa na shirika la KENIC, lakini mwananchi huyanunua kwa wakala. Jina la .co.ke linafaa biashara, na tangu 2017 unaweza pia kusajili linaloishia .ke bila kitu kingine katikati. Mara nyingi mjenzi wa tovuti hulisajili jina kwa akaunti yake mwenyewe, kwa barua pepe yake mwenyewe, akisema anakupunguzia usumbufu. Kutoka siku hiyo jina ni lake. Mkikosana, akihama, au akisahau tu kulipa, huna pa kuanzia: kulihamisha kwa wakala mwingine kunahitaji msimbo wa uhamisho, na msimbo anaupata mwenye akaunti. Biashara inayopoteza jina baada ya miaka mitatu inapoteza pia viungo vyote vinavyoielekea kutoka tovuti nyingine, stika zote na kadi zote zilizochapishwa.

Kwa hiyo mfanyabiashara afungue akaunti ya wakala yeye mwenyewe, hata kama mjenzi amekaa kando akimwelekeza. Na kuna mtego mmoja ambao hata wajuzi hunaswa nao: barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ile inayotumia jina lenyewe la tovuti. Jina likiisha muda, barua pepe hiyo inakufa nalo, na ujumbe wa kukukumbusha kulipa hautakufikia. Tumia anwani ya kawaida ya Gmail unayoifungua kila siku. Tarehe ya kulipa iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, mwezi mmoja kabla ya muda kuisha.

Tovuti yenyewe ijengwe ikiwa nyepesi. Wateja wetu wako kwenye simu, kwa bando wanalolipia wenyewe. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu huwa megabaiti 3 hadi 5. Ukiweka kumi ukurasa hautafunguka kwa mtu aliye kwenye matatu Jogoo Road. Ipunguzwe hadi upana wa pikseli 1,200 na uzito chini ya kilobaiti 150, kwa mfumo wa WebP au JPEG. Ukurasa mzima ubaki chini ya megabaiti 1. Google inataka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na huisoma tovuti kwa sura yake ya simu, siyo ya kompyuta. Video ipakiwe YouTube na kuunganishwa, isiwekwe kwenye seva yako, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Kisha jaribu kwa simu ya bei nafuu ukiwa umezima waifai. Wajenzi hujaribu ofisini kwenye intaneti ya kasi na kuridhika.

Nambari ya simu iwe maandishi ya kubofya, isiwe ndani ya picha ya bango. Kiungo cha WhatsApp huandikwa wa.me/ kisha 254 na tarakimu tisa zinazofuata, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Anayeandika 07 anaweka kitufe kisichofanya kazi, na mteja hatarudi kukueleza. Nambari ya Lipa na M-Pesa ionyeshwe pamoja na jina litakalotokea mteja anapolipa, ili alilinganishe kabla ya kukamilisha malipo. Mwenye tovuti aikague kila wiki: mhalifu akiingia kwenye tovuti, kubadilisha nambari hiyo ni kazi ya dakika moja. Mlango anaopitia mara nyingi ni programu ya nyongeza (plugin) isiyosasishwa, au mandhari (muundo wa sura ya tovuti) ya kulipia iliyopakuliwa bure kutoka kwa wezi, ikiwa na msimbo uliofichwa ndani. Mfumo wa kulipa kiotomatiki kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha M-Pesa na tovuti, ni mzuri, ila kwa anayeuza mashine sita kwa mwezi ni gharama isiyo na haraka.

Tovuti ikishakamilika na bado haionekani Google, angalia kwanza kisanduku kimoja katika mipangilio ya WordPress (programu ya kujengea tovuti), upande wa usomaji, kinachoomba mitambo ya kutafuta isiiorodheshe tovuti. Wajenzi hukiweka alama wakati wa ujenzi, na ni sawa kufanya hivyo, kisha wanasahau kukiondoa. Kuna biashara zilizokaa miezi zikilaumu ushindani kumbe kosa ni alama hiyo. Kikiwa safi, isajili tovuti kwenye Google Search Console, huduma ya bure inayoonyesha watu wanavyokupata Google, na uwasilishe ramani ya kurasa zako (sitemap). Usitazame kila siku. Baada ya wiki sita au nane, tazama maneno ambayo watu waliyatafuta ukatokea nafasi ya 8 hadi ya 20. Hapo uko karibu kufika. Boresha kurasa hizo, ongeza jibu lililokosekana, kabla ya kuandika mpya.

Kwa duka lenye mahali pa kutembelewa, wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaotokea kwenye ramani, unaweza kuleta simu mapema kuliko tovuti, nao pia haulipiwi. Tatizo la karakana zetu ni kwamba nyingi hazina nambari ya jengo. Weka pini kwa mkono juu ya mlango wako, na kwenye maelezo taja kinachoonekana barabarani. Mara nyingi Google hutaka uthibitishe kwa video isiyokatwa: onyesha barabara, bango lako, kisha vifaa vya kazi na mlango ukiufungua kwa ufunguo wako. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye bango. Ukiongeza "bei nafuu Nairobi" mbele yake, wasifu unaweza kusimamishwa, na kuurudisha ni safari ndefu. Maoni ya sifa ya kununuliwa yana hatari hiyo hiyo.

Upande wa kutangaza, wafanyabiashara wanaibiwa waziwazi. Anayekuuzia viungo elfu moja kwa wiki anakuuzia uvunjaji wa kanuni ambazo Google ilianza kuzisimamia kwa ukali kuanzia Aprili 2012. Anayekutengenezea kurasa 85, moja kwa kila wadi ya Nairobi, zikiwa na maneno yale yale na jina la wadi tu limebadilika, anakutengenezea kurasa za ulaghai machoni pa Google. Tangu Machi 2024 kanuni zake zinakataza pia kumwaga maandishi kwa wingi ili kupanda nafasi tu, yawe yameandikwa na mtu au na programu ya akili bandia.

Viungo vyenye faida ni vichache na viko karibu. Duka la dawa za mifugo unalouzia mashine likutaje kwenye ukurasa wake. Anayekuletea vidhibiti joto akuorodheshe miongoni mwa mafundi wake. Kundi la wafugaji kwenye Facebook likiuliza kwa nini mayai hayaanguliwi, jibu swali hapo hapo kwa ukamilifu, kisha weka kiungo cha ukurasa wenye maelezo zaidi. Ukiweka kiungo kitupu utaondolewa. Na kila mashine inayotoka karakana ibandikwe stika yenye msimbo wa QR unaofungua ukurasa wa matumizi na vipuri. Mashine hiyo itakaa kwa mfugaji miaka, na majirani wataiona.

Kila anayepiga simu aulizwe alikupata wapi, na jibu liingie daftarini. Hesabu ya wageni wa tovuti hailipi kodi ya karakana; hesabu ya simu ndiyo ya kutazama. Mpe mradi miezi sita kabla ya kuuhukumu.

Kuhusu sheria: ukiwa na fomu inayochukua majina na nambari za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Biashara yenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida haidaiwi kujisajili kwa Kamishna wa Data, isipokuwa katika sekta fulani kama afya. Hata hivyo wajibu wa kutunza data hizo na kutozitumia kwa jambo ambalo mteja hakulikubali unabaki.

Naomba wanaoendesha mafunzo ya kidijitali kwa wafanyabiashara waanze na hili la mwisho. Kabla ya kulipa awamu ya mwisho, mteja akae na mjenzi meza moja, kila mmoja na simu yake. Awe na nywila ya wakala wa jina, ya seva na ya usimamizi wa tovuti, pamoja na nakala ya faili zote na hifadhidata, ahifadhi nakala hiyo mahali pawili. Azijaribu nywila zote tatu kwa simu yake, azibadilishe mjenzi akiwepo, aifungue tovuti tena aone bado inafanya kazi. Ndipo atume M-Pesa.

Mjenzi wa tovuti,
Ngara, Nairobi