Mwanangu, kuhusu zawadi za Krismasi

Kisumu, Desemba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, nyanya yako anakusalimu, na joto ni lile lile unalolijua. Nimeusoma ujumbe wako kwamba mwaka huu hutaki kuja na shuka na masufuria kama kawaida, unataka kila mtu apate zawadi itakayomfaa pia mtu mwingine asiyejiweza. Nimefurahi mno. Umeniomba maoni, nami sitayafupisha, kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu.

Nianze na yule mbuzi. Umesema kuna shirika la ng'ambo ambalo ukililipa, nyanya yako anapata kadi ya kumwarifu kuwa mbuzi ametolewa kwa jina lake. Mashirika ya namna hiyo yapo yenye sifa njema. Heifer International lilianza Marekani mwaka 1944, na aliyepewa mnyama hutakiwa kumpa jirani mtamba wa kwanza atakayezaliwa. Send a Cow la Uingereza, ambalo siku hizi linaitwa Ripple Effect, lilianza mwaka 1988 kwa kupeleka ng'ombe Uganda, na hata huku magharibi mwa Kenya limefanya kazi miaka mingi. Ninachokipenda katika kazi ya aina hii ni kwamba mtu hafungiwi tu ng'ombe mlangoni kisha akaachwa. Hufunzwa kwanza, hupanda majani ya nepia ya kumlisha, hujenga banda. Ng'ombe wa gredi, yaani yule wa maziwa wa kisasa, akifika kwenye boma lisilo na malisho, anakuwa mdomo mwingine wa kulishwa.

Lakini soma yale maandishi madogo. Mara nyingi yanasema pesa zako zinaingia kwenye mfuko wa kazi zote za shirika, wala si kwamba mbuzi wako ananunuliwa akapelekwa kwa fulani. Huo si ulaghai, maana mafunzo na daktari wa mifugo navyo hulipiwa. Ila usimwambie nyanya yako kuwa kuna mbuzi wake mahali fulani. Atakuuliza ni wa rangi gani, na mwezi ujao atakuuliza kama amezaa. Zawadi kama hii ina wenyewe wawili, anayetajwa jina na anayesaidiwa, na wote wawili wanastahili kuambiwa ukweli. Mwambie umechangia mafunzo ya wafugaji kwa jina lake, naye ataelewa vizuri, kwani amefuga. Kisha mletee na leso, jamani. Mzee haachwi mikono mitupu Krismasi.

Kwa shangazi yako na wenzako wa ofisini, nunua vikapu vya gugu maji. Gugu hili lilitoka Amerika Kusini, na tangu miaka ya 1990 limelitesa ziwa letu la Viktoria. Upepo ukilisukuma hadi ufuoni, mashua hazitoki na samaki wanapanda bei. Akina mama hukata mabua, huyaanika yakauke kabisa yasije yakashika kuvu, ndipo wasuke. Bua bichi karibu lote ni maji, kwa hiyo lundo zima hutoa kikapu kimoja tu. Ndiyo maana inaniuma nikimwona mtu mwenye mshahara akibishana na msusi hadi bei ishuke nusu. Wala usiwaambie wenzako kwamba wakinunua kikapu wamesafisha ziwa. Gugu huzaana upesi kuliko mikono yote ya wasusi wa Dunga na Homa Bay. Unalipia kazi, na kazi hiyo ndiyo unga na karo ya nyumba ya msusi. Basi nunua kwake mwenyewe au kwa kikundi chake, mahali unapoweza kujua amebaki na shilingi ngapi. Vinyago vya mawe ya Kisii ni hivyo hivyo. Mawe yanachimbwa na kuchongwa huko Tabaka, Kisii, na ukipata nambari ya mchongaji, unamtumia M-Pesa na mzigo unakuja kwa matatu.

Sasa hili mnalotaka wewe na wenzako, la kutumia pesa mlizochanga kupeleka keki na soda kwenye nyumba ya kulelea watoto siku ya Krismasi. Hapa nitasema wazi, mwanangu: naomba msifanye hivyo.

Najua mna nia safi. Lakini Desemba watu humiminika huko, kikundi hiki kikitoka kingine kinaingia, watoto wanaimba wimbo ule ule wa kukaribisha wageni, wanapigwa picha. Ikifika Februari hakuna anayebisha hodi. Na wengi wa watoto wanaolelewa katika nyumba hizo si kwamba hawana mtu. Wana mzazi aliye hai, au nyanya, au shangazi. Umaskini ndio uliowapeleka. Serikali yenyewe imeliona hili: Sheria ya Watoto ya 2022 inatanguliza malezi ya familia, na mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unakusudia watoto warudi kulelewa katika familia na jamii zao. Kila tunapoifanya nyumba ya watoto ionekane kuwa ndiko kwenye chakula na nguo mpya, tunamshawishi nyanya mwingine amtoe mjukuu wake. Na ile picha ya mtoto akipokea soda kutoka kwa mgeni itabaki kwenye intaneti hata atakapokuwa mtu mzima anayetafuta kazi.

Pesa mlizochanga zinaweza kumfikia nyanya anayelea wajukuu hapa mtaani Nyalenda au kule Nyando kunakofurika. Watoto wanafungua shule Januari, nayo Januari unaijua ilivyo. Sare, viatu, madaftari: kuvikosa hivyo ndiko kunakomfanya mtoto arudishwe nyumbani siku ya kwanza ya muhula. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa anazijua nyumba hizo moja moja, na afisa wa watoto wa kaunti ndogo anaweza kuwaelekeza. Muulizeni nyanya mwenyewe anachohitaji kabla ya kununua. Nendeni wawili, bila kamera.

Baba yako mdogo atasema pesa taslimu zikimfikia maskini zinaishia kwenye chang'aa. Mjibu kwa heshima, lakini mjibu. Hapa hapa karibu, Rarieda kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly lilitoa pesa kwa familia kupitia M-Pesa bila masharti ya matumizi, na kati ya 2011 na 2013 watafiti wakafuatilia. Walikuta watu wameezeka mabati, wamenunua mifugo, wanakula vizuri zaidi. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda.

Ukitaka kutuma kwa shirika lolote, uliza kwanza jina lake kamili na kama limesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024. Likijivuta kukujibu, pesa zako zipeleke kwingine.

Kuhusu kaka yako, yeye hataki kitu. Anasema mkifika mwende naye kituo cha kuchangia damu hapa Kisumu, na mimi naliona hilo kuwa zawadi kubwa. Wanafunzi ndio hutoa sehemu kubwa ya damu nchini, na Desemba wako likizo huku ajali barabarani zikiongezeka na akina mama wakiendelea kujifungua. Aliye na miaka 16 hadi 65, mzima wa afya, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, anakubaliwa. Wanachukua mililita 450 hivi. Kula vizuri na unywe maji kabla ya kwenda, usiniangukie huko.

Ongea na wenzako juu ya zile pesa wiki hii. Mkikubaliana kununua sare, nijulishe mapema nimwone fundi wa mtaani, kwa sababu baada ya Krismasi wazazi wote watakuwa wamejaa mlangoni kwake. Vipimo vya watoto nitavichukua mimi mwenyewe, nikishapata ruhusa ya nyanya zao.

Nakupenda sana, mwanangu.

Mama yako