Kwako Hamisi, kuhusu goti

Swahiba Hamisi,

Salamu sana, na pole tena. Barua yako nimeisoma mara mbili: kwanza kwa huruma, kisha kwa kicheko, pale uliposema bresi, hicho kishikizo cha goti chenye mikanda na bawaba, inateremka hadi kwenye ugoko kama soksi iliyokwisha mpira. Yangu ilinitesa hivyohivyo, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa naanza kufunga mkanda wa juu. Kaa kitini, kunja goti kidogo, weka bawaba za pembeni usawa wa katikati ya pia ya goti. Halafu anza na mkanda unaolikumbatia shavu la mguu, maana huo ndio unaoishikilia isishuke. Kidole kipite chini yake. Mguu ukifa ganzi, legeza. Shavu likivimba na kuuma, usingoje kesho, nenda kwa daktari.

Una bahati kwamba ligamenti, yaani kano inayoshika mifupa ya goti, iliyochanika kidogo ni ya upande wa ndani. Hiyo mara nyingi hujiunga bila upasuaji, na bawaba zinalizuia goti lisilegee kuelekea ndani wakati inapona. Ile ya mbele, iliyo katikati ya goti, ingekuwa habari nyingine kabisa.

Ila hilo ulilosema la kununua bresi ya pili kwa ajili ya goti lako lisiloumia, "kujikinga tu", silikubali. Bresi husaidia zaidi unapogongwa kutoka pembeni. Ile ligamenti ya mbele kwa kawaida hukatika bila mtu kukugusa: unatua vibaya baada ya kuruka, au unageuka ghafla huku mguu umekita chini. Bresi haimfundishi mtu kutua. Kinachofundisha ni mazoezi kama ya FIFA 11+, mpango wa kupasha mwili moto wa kuzuia majeraha, dakika 20 hivi kabla ya mchezo: kuchuchumaa, kuruka, kusimama kwa mguu mmoja. Yanachosha, najua, na wachezaji wenzako watakucheka.

Mimi nilishtuka siku nilipopima mapaja kwa futi ya fundi cherehani. La mguu mbovu lilikuwa limepungua sentimita 3! Miezi yote ile nilikuwa naikabidhi bresi kazi ya misuli. Mtaalamu wa viungo aliponiona alitikisa kichwa tu, akanirudisha kwenye kuinua mguu ulionyooka, seti baada ya seti.

Pima mapaja yako leo, yote mawili, vidole vinne juu ya pia ya goti, kisha uniandikie tofauti.

Wako,
Rashidi